Maswali ya Wasomaji: Yaliyomo katika kioo cha mwanaanga

SWALI: Bwana Mhariri, asalamu aleikum. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili huku Kisauni. Niliwaonyesha wanafunzi ile picha mashuhuri ya Buzz Aldrin akiwa amesimama mwezini mwaka 1969. Mmoja wao akaikuza kwenye simu, kisha akauliza: ikiwa yule mtu mdogo anayeonekana katika kioo cha helmeti ndiye mpiga picha, mbona hakuinua kamera machoni? Naomba pia kujua kama ni kweli kwamba watu wameweza kutoa mandhari nzima kutoka katika kioo hicho.

JIBU: Waaleikum salaam, Mwalimu. Mfikishie mwanafunzi wako pongezi, kwani ametazama mahali ambapo wengi hupapita. Mtu huyo mdogo ni Neil Armstrong, na hakuinua kamera machoni kwa sababu haikuwa mkononi. Kamera hiyo aina ya Hasselblad, iliyotayarishwa mahususi kwa safari za mwezini, ilipachikwa kifuani mwa suti, wala haikuwa na tundu la kuchungulia, maana aliyevaa helmeti kubwa namna ile asingeweza kusogeza jicho karibu nalo. Alichofanya ni kugeuza mwili mzima kuelekea anachotaka kukipiga, akakadiria umbali, akabonyeza. Ukitaka ushahidi wa pili darasani, tafuta picha ya Alan Bean iliyopigwa na Pete Conrad mwezini mnamo Novemba 1969, katika safari ya Apollo 12. Ndani ya kioo cha Bean anaonekana Conrad, naye kamera yake iko kifuani.

Picha ya Aldrin ina thamani ya pekee. Kwa sehemu kubwa ya ule muda wa saa mbili na nusu hivi waliokaa nje ya chombo, Armstrong ndiye aliyekuwa na kamera, na kwa hiyo picha nzuri za mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, zilizopigwa akiwa juu ya mwezi wenyewe, ni chache mno. Aldrin alimpiga chache tu, na katika mojawapo Armstrong yuko mbali kidogo, ametupa mgongo, anashughulika kando ya chombo. Anayetaka kumwona akiwa ameelekea upande wetu, kazini, hana budi kurudi katika kioo cha mwenzake.

Sasa tuje kwenye swali la pili. Ni kweli, jambo hilo limefanyika, na halina uchawi. Kioo cha nje cha helmeti kilipakwa utando mwembamba wa dhahabu ili kupunguza mwanga mkali na joto la jua, na kwa kuwa kilikuwa pia kimebinuka, kilifanya kazi ile ile ya kioo cha pembeni cha matatu: kukusanya eneo kubwa sana katika nafasi ndogo, kwa gharama ya kupinda kila kitu na kukifanya kionekane kidogo na cha mbali. Anayekunjua taswira hiyo hukichukulia kioo kama kipande cha tufe. Kwa kila nukta ya kioo, kompyuta hukokotoa mwale wa mwanga ulitoka upande gani kabla ya kugonga hapo na kuelekea kwenye lenzi, kisha nukta hiyo hupelekwa mahali pake katika mandhari iliyonyooshwa. Rangi ya manjano inayotokana na dhahabu nayo hupunguzwa. Hapo ndipo unapopata, kwa makadirio, kile ambacho Aldrin alikuwa akikitazama: kivuli chake mwenyewe kirefu kikinyooka mbele yake, Armstrong, bendera ya Marekani, na Eagle, chombo chao cha kutua mwezini.

Natia mkazo neno makadirio. Katikati ya kioo mambo ni mazuri, lakini pembezoni kipande chembamba cha filamu hubeba eneo pana la mwezi, na kukivuta kipande hicho hakuongezi chochote kilichoandikwa na mwanga. Ndiyo maana ni muhimu uanze na nakala bora. Filamu halisi, zenye upana wa milimita 70, zimehifadhiwa kwenye baridi kali huko Houston, na nakala zake zilizoskaniwa kwa ubora wa juu ziko wazi kwa umma. Toleo lililoenea magazetini lilikwisha kuguswa: Armstrong aliipiga picha hiyo ikiwa imebana sana juu ya kichwa cha Aldrin, na sehemu nyeusi ikaongezwa baadaye ili ikae vizuri. Zile alama ndogo za msalaba unazoziona zilichorwa juu ya bamba la kioo ndani ya kamera, milimita 10 kutoka moja hadi nyingine, kusudi atakayepima picha aweze kujua kama filamu imejivuta au kujikunja. Mwanafunzi wako anaweza kuzitumia kwa rula tu.

SWALI: Nimeona mandhari hiyo iliyokunjuliwa, lakini katika matoleo mawili bendera iko pande tofauti. Lipi ni sahihi? Msomaji, Likoni.

JIBU: Kioo hugeuza kushoto na kulia. Toleo lililogeuzwa tena ndilo linaloonyesha mambo kama Aldrin alivyoyaona. Lile jingine limeachwa kama lilivyo kiooni. Mtayarishaji mwangalifu husema amefanya lipi.

SWALI: Mimi ni mkazi wa Mji wa Kale. Tunayo picha ya marehemu babu akiwa Kilindini miaka ya sitini, amevaa miwani ya jua, na ndani ya miwani kuna kivuli cha mtu. Mjukuu ameiingiza katika programu ya akili mnemba, ikatoa sura safi ya mwanamke. Familia sasa inabishana kama huyo ni nyanya. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, msiitegemee sura hiyo. Programu za aina hiyo zimefunzwa kwa nyuso nyingi za watu wengine, na zinapokutana na doa hujaza kinachofanana na uso. Aliyetokea hapo si nyanya wala jirani. Ni uso uliobuniwa, na inaumiza kufikiri kwamba mtu angeuwekea fremu ukutani kama kumbukumbu ya mama wa familia.

Anzeni kwa kuitafuta negativu, yaani ile filamu yenyewe iliyotoka ndani ya kamera. Mara nyingi hubaki ndani ya bahasha ile ile ya studio, na hubeba mengi kuliko picha iliyosafishwa kwenye karatasi. Ishikeni pembeni tu, kwa vidole vikavu, maana unyevu wa pwani na mafuta ya ngozi huiharibu, kisha mpelekeeni fundi mwenye skana ya filamu, mumwombe asiwashe kabisa mpangilio wa kunoa picha. Lakini mjue kiasi cha kutarajia. Katika filamu ya kawaida ya milimita 35, mtu akiwa amepigwa kutoka kichwani hadi miguuni, kioo kimoja cha miwani hakifiki milimita moja, na aliyeakisiwa humo ni punje chache tu za filamu. Umbo, rangi ya nguo kama ni nyeupe au nyeusi, na pengine kama alivaa buibui au kanzu, hayo yanaweza kujulikana. Uso hautapatikana. Kwa hilo waulizeni wazee waliokuwepo, na mwandike jina la aliyesema nyuma ya nakala, kwa penseli laini.