Kuhesabu mbavu na pingili za mgongo kwa vidole bila kukosea

Mwanafunzi wa uuguzi au utabibu anaweza kuchora kifua chote ubaoni na kupata alama zote, kisha akashindwa kuuonyesha ubavu wa nne wa mgonjwa aliyelala mbele yake. Mara nyingi kosa linatokana na mahali anapoanzia. Anatafuta ubavu wa kwanza, na ubavu huo haushikiki vizuri kwa kuwa umejificha nyuma ya mtulinga. Basi ama anauhesabu mtulinga kama ubavu, ama anaugusa wa pili akidhani ni wa kwanza, na hesabu yote inayofuata inapinda kwa ubavu mmoja.

Anzia ubavu wa pili. Weka kidole kwenye kishimo kilicho chini ya koo, pale mitulinga miwili inapokaribiana. Kiteremshe polepole juu ya mfupa wa kidari, kama sentimeta 5, mpaka kikutane na tuta dogo lililokingama. Hapo ndipo kipande cha juu cha kidari kinapoungana na kile kirefu cha chini yake. Usikinyanyue kidole, kisogeze pembeni hivyohivyo. Unachokigusa sasa ni gegedu la ubavu wa pili, na bonde laini lililo chini yake ni nafasi ya pili kati ya mbavu. Endelea kushuka kwa vidole viwili, kimoja kikibaki kwenye ubavu uliokwisha kuhesabiwa huku kingine kikitafuta unaofuata. Ukipita ubavu wa nne, jisogeze nje kidogo kuelekea chini ya katikati ya mtulinga, kwa sababu karibu na kidari magegedu ya chini yamebanana na nafasi hazionekani wazi. Kwa mwanamke mwenye matiti makubwa, hesabu ukingoni mwa kidari kadiri uwezavyo, kisha mwombe ainue titi mwenyewe.

Faida yake inaonekana kwenye ECG, kipimo cha umeme wa moyo. V1 na V2, elektrodi mbili za kubandikwa kifuani, hukaa nafasi ya nne kati ya mbavu, kulia na kushoto kwa kidari, lakini wengi huzibandika juu zaidi, nafasi ya pili au ya tatu. Mchoro unaotoka hapo unaweza kufanana na wa mtu aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, wakati moyo wake ni mzima kabisa. Kwenye sindano za kifuani madhara ni makubwa zaidi. Vena, ateri na neva za kila ubavu zinapita kwenye mfereji ulio chini ya ukingo wake wa chini, kwa hiyo sindano huingizwa juu tu ya ukingo wa juu wa ubavu wa chini yake. Ukikwaruza chini ya ubavu, unatafuta damu.

Usihesabu kuanzia chini kwenda juu. Ubavu wa 12 kwa baadhi ya watu ni mfupi mno kiasi cha kupotelea ndani ya misuli, na hapo wa 11 utaonekana kuwa ndio wa mwisho. Jozi ni 12 kwa mwanamume na kwa mwanamke pia. Ile habari ya mwanamume kupungukiwa ubavu mmoja haimo mwilini mwa mtu yeyote.

Mgongoni, mwambie mtu ainamishe kichwa. Chini ya shingo patatokeza nundu moja, mara nyingine mbili. Zikiwa mbili, weka kidole kwenye kila moja, kisha mwambie anyanyue kichwa taratibu na kukipeleka nyuma. Ile inayotoroka chini ya kidole ni pingili ya sita ya shingo. Ile inayobaki ni ya saba, C7. Baada yake zinafuata pingili 12 zinazoshika mbavu, T1 hadi T12, halafu 5 za kiuno, L1 hadi L5. Hakiki hesabu yako kwa kombe la bega: mikono ikining'inia kando, ncha yake ya chini iko karibu usawa wa T7.

Hapa kuna mtego. Pingili za katikati ya kifua, hasa T5 hadi T8, zina ncha ndefu zilizolala kuelekea chini. Ncha ya T7 unayoigusa chini ya ngozi iko usawa wa mwili wa T8, yaani sehemu nene ya mbele ya pingili hiyo. Mbavu nazo zinateremka zinapokuja mbele, kwa hiyo ukivuta mstari wa mlalo kutoka mgongoni hadi kidarini utakuwa umekata mbavu kadhaa. Ufuate ubavu wenyewe kwa kidole.

Kiunoni, weka viganja juu ya kingo za mifupa ya nyonga na uvielekeze vidole gumba katikati ya mgongo. Vinakutana karibu na L4. Ugwe mgongo, ile kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo, kwa mtu mzima unaishia karibu na L1 au L2, ndiyo maana sindano ya kuchukua maji ya uti wa mgongo huingia kati ya L3 na L4 au kati ya L4 na L5. Kwa mtoto mchanga ugwe hufika hadi L3, basi lazima ushuke zaidi. Kwa mnene au mjamzito vidole huelekea kukupandisha juu ya unapodhani upo. Ukisita kati ya nafasi mbili, chagua ya chini.

Ukipapasa mgongo ukakuta pingili moja imechomoza kwa kona kali, na mtu ana maumivu ya wiki nyingi, jasho la usiku au anakonda, fikiria kifua kikuu cha uti wa mgongo na umpeleke apimwe. Miguu ikianza kulegea, aende siku hiyohiyo.

Kwa aliyevunjika ubavu, kifua hakifungwi bandeji ya kukaza. Bandeji hiyo inamnyima pumzi ndefu, makohozi yanatuama na nimonia inafuata. Anahitaji dawa ya maumivu ya kutosha, pumzi ndefu kama 10 kila saa akiwa macho, na mto wa kukumbatia anapokohoa. Mfupa huunga kwa takriban wiki 6. Maumivu yakiwa kushoto kwenye mbavu za 9 hadi 11, nyuma yake kuna wengu; kulia kuna ini. Akipauka, akihisi kizunguzungu, tumbo likikaza au pumzi ikikatika, asisubiri asubuhi.