Kukereza shafti ifike kipimo bila kukipita

Shafti ya beringi ya kipenyo cha mm 25, ikiwa mchoro unadai k6 (alama ya kiasi ambacho kipenyo kinaruhusiwa kuzidi), inaruhusiwa kuwa kati ya 25.002 na 25.015. Lenga 25.01. Kazi hii huharibiwa zaidi na woga: fundi anafika 25.05, kisha anaanza kukwangua kidogo kidogo. Kisu cha kabaidi (chuma kigumu sana cha kukatia) chenye ncha ya mviringo wa mm 0.4 hakipendi mikato hiyo. Kinasugua tu, shafti inang'aa na kupata moto, kipimo hakisogei. Ukiongeza kidogo tena, kinang'ata kwa mpigo na shafti imeenda.

Acha nyama ya kutosha, yaani chuma cha kuondoa, uigawe sawasawa. Tuseme umebakiza 26.21: una mm 1.20 za kuondoa, yaani mikato mitatu ya 0.40. Kata wa kwanza, simamisha mashine, pima kwa maikromita. Ulitarajia 25.81 ukapata 25.83? Basi zimebaki 0.82, na mikato miwili iliyobaki ni ya 0.41 kila mmoja. Usibadilishe kasi, mwendo wa kisu wala kisu chenyewe. Shafti na kisu hupinda kidogo wakati wa kukata, na mkato ukilingana na uliotangulia, hupinda kwa kiasi kilekile. Hapo ndipo mkato wa pili unapokuambia ukweli kuhusu wa mwisho.

Kabla ya yote, jua namba za gurudumu la mashine yako zinasoma nini. Nyingine husoma kipenyo, nyingine husoma mwendo wa kisu, na hapo 0.20 huondoa 0.40. Ukipitiliza alama, usirudishe hadi kwenye alama ukaridhika, kwa kuwa skrubu ina ulegevu. Rudi nyuma mzunguko mzima, kisha uje tena kwa mbele.

Kwa marekebisho madogo, geuza kitelezi cha juu, kile kidogo kinachobeba kisu, kiwe karibu sambamba na shafti, nyuzi 5.7 tu. Ukikisogeza 0.10, kisu kinaingia 0.01, na kipenyo kinapungua 0.02.

Joto nalo lina hila. Shafti ya mm 25 ikiwa nyuzi 30 juu ya joto la karakana huvimba takriban mm 0.009, zaidi ya nusu ya nafasi yote uliyopewa. Ipooze kwanza, futa mafuta na vumbi la chuma, ndipo upime mkato wa mwisho.

Pima sehemu mbili, karibu na chaki (kishikio cha mashine kinachobana shafti) na mwishoni. Shafti iliyoachwa bila kuegemezwa nyuma husukumwa na kisu, hivyo ncha yake hubaki nene. Ikichomoza zaidi ya mara tatu ya kipenyo chake, iegemeze kwa senta, ncha iliyochongoka inayoshikilia mwisho wa shafti. Ikiwa tayari imeegemezwa na bado upande wa senta ni mnene, senta imekaa mbali na kisu. Kwa shafti iliyokerezwa kati ya senta mbili, sogeza senta hiyo upande wa kisu kwa nusu ya tofauti ya vipenyo: tofauti ikiwa 0.04, sogeza 0.02, kisha kata upya na upime.