Miguu ya upinde: ni matege au ni umri?

SWALI: Mwanangu ana miezi 14, bado ananyonya, na tunaishi ghorofa ya nne Kariakoo. Ameanza kusimama, miguu imepinda kama upinde. Bibi yake anasema nilimsimamisha mapema. Kila asubuhi namweka dirishani apate jua. Je, amekosa vitamini D? Nimnunulie matone?

JIBU: Mfupa wenye afya haupindi kwa sababu mtoto kasimama mapema, hapo bibi tumsamehe.

Miguu peke yake haitoshi kutoa hukumu. Watoto wengi huwa na miguu ya upinde hadi miaka 2, kisha wakifika 3 au 4 magoti huelekeana, baadaye hunyooka. Shika vifundo vya mikono yake. Matege, yaani ugonjwa wa mifupa laini kwa kukosa vitamini D au kalsiamu, huvivimbisha, kana kwamba kavaa bangili chini ya ngozi. Papasa na mbavu kifuani: vinundu vilivyojipanga kama tasbihi si kawaida. Ukikuta hayo, au utosi haujafunga akitimiza miaka 2, au miezi 18 imepita hatembei, mpeleke apigwe eksirei ya kifundo na kupimwa damu. Akipata degedege, usisubiri kesho, kwani huenda kalsiamu imeshuka mno.

(Kwa wasomaji wa sehemu za Arusha zenye maji ya madini mengi ya floridi: floridi nayo hupinda miguu na kutia meno rangi ya kahawia. Huko matone ya vitamini D pekee hayatasaidia. Badilisheni maji.)

Dirisha ndilo linalokudanganya. Kioo hupitisha mwanga na joto, lakini huzuia mionzi ya UVB, sehemu ya jua isiyoonekana kwa macho, na ndiyo inayotengeneza vitamini D ngozini. Jua la alfajiri nalo ni dhaifu kwa kazi hii. Kivuli kikiwa kirefu kuliko mwenye kivuli, mionzi hiyo ni haba. Mshushe uani kwenye saa nne asubuhi, mikono na miguu wazi, dakika 15 hadi 20, siku nyingi za wiki. Ngozi nyeusi huhitaji muda zaidi kuliko nyeupe, ila asiachwe mpaka ngozi iungue.

Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo sana. Ndiyo maana mtoto mchanga hupewa yuniti 400 (kwenye chupa huandikwa IU) kwa siku tangu kuzaliwa hadi mwaka mmoja. Baada ya hapo anahitaji 600 kutoka kila chanzo. Matone yanafaa, lakini soma chupa: kuna ya yuniti 400 katika tone moja, na kuna ya 400 katika mililita nzima. Anayechukua bomba la chupa moja akapimia dawa ya nyingine humzidishia mtoto mara nyingi mno. Kutapika, kiu kali na choo kigumu ni dalili za kuzidisha, na figo huweza kuumia.

Ikithibitika ni matege, yuniti 400 si tiba. Daktari ataandika dozi kubwa kwa angalau wiki 12, pamoja na kalsiamu miligramu 500 kwa siku. Uji wa mahindi mtupu hauifikishi. Kaanga dagaa wakavu bila mafuta, wasage na mifupa yao, uchanganye kwenye uji.

SWALI: Niko Muscat, kazi yangu ni ya ndani kutwa. Kipimo cha vitamini D kimesoma 14, nikapewa vidonge vya yuniti 50,000. Ni kila siku?

JIBU: La! Kidonge hicho kwa kawaida ni kimoja kwa wiki, wiki 8 hivi, muulize aliyekuandikia. Tazama pia kizio kwenye cheti: 14 za nanogramu kwa mililita ni sawa na 35 za nanomoli kwa lita, yaani umepungukiwa. Zikiwa 14 za nanomoli, hali ni mbaya zaidi. Kidonge kinywe na mlo wenye mafuta, upime tena baada ya miezi 3.