Daraja la Kazungula limepinda: je, limepungua nguvu?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni dereva wa lori, nakaa Tunduma, napeleka mzigo Botswana kupitia Lusaka. Daraja la Kazungula limepinda katikati ya mto, na wenzangu wanasema ni mambo ya mipaka tu. Kupinda huko hakulipunguzii nguvu? Nikiwa na tela lililojaa, niwe na wasiwasi?

JIBU: Marahaba. Wenzako wamesema kweli. Zambia na Botswana zinagusana ndani ya Zambezi kwa kipande cha mita kama 150 tu. Huku Namibia, kule Zimbabwe. Daraja lina mita 923, likapindishwa lisiingie Zimbabwe. Tangu lizinduliwe Mei 2021 hakuna tena kulala foleni ya pantoni.

Tuje kwenye nguvu. Daraja lililopinda lina kazi moja ya ziada. Uzito haukai kwenye mstari wa kutoka nguzo hadi nguzo, unaangukia upande wa nje wa kona, kwa hiyo sakafu inataka kusokoteka. Ndiyo maana madaraja ya aina hii hupewa sakafu ya zege yenye umbo la sanduku, tupu ndani. Shika boksi la viatu lisilo na kifuniko ulisokote, litalegea. Gundisha kifuniko, ujaribu tena. Msokoto huo umeshapigiwa hesabu kabla nondo ya kwanza haijafungwa.

Joto nalo lina mambo yake. Zege la mita 923, joto likipanda nyuzi 20, hurefuka sentimita 18 hivi kwa jumla. Kwenye daraja lililonyooka urefu huo huenda mbele na nyuma tu. Kwenye kona husukuma na pembeni, hivyo beringi, yaani vikalio vya sakafu juu ya nguzo, lazima ziachie upande mmoja na kuzuia mwingine.

Tela lako sasa. Kama umepita mzani wa Mpemba na ekseli saba hujazidi tani 56, daraja lile halikushangai. Limetengewa hata njia ya reli. Mimi ningeogopa mwendo. Mwendo ukiwa maradufu, msukumo wa kukutupa nje ya kona unakuwa mara nne, na mzigo uliopangwa kwenda juu ndio hulala kwanza. Kona ya Kazungula ni pole ukilinganisha na za Kitonga, na hapo ndipo madereva hujisahau. Kaza mikanda ya mzigo kabla ya kupanda darajani, na ufuate kibao cha mwendo.