Siku 30 za kutafakari kabla ya kutia sahihi
Dada yangu wa Likoni, umeuliza kama mwanao, aliyepata chuo Marekani, amekwisha kufungika kwa kuwa benki ya huko imemkubalia mkopo na mjomba wake aliyeko huko yuko tayari kumdhamini. Hajafungika. Sheria ya Marekani, iliyorekebishwa mwaka 2008, inampa siku 30 za kuamua, na katika muda huo mkopeshaji hana ruhusa ya kubadilisha riba wala masharti, isipokuwa kwa sababu chache, kama vile kupanda au kushuka kwa kigezo ambacho riba hiyo imefungamanishwa nacho. Akishakubali na kupokea taarifa ya mwisho ya gharama, ana siku 3 za kazi za kughairi bila kutozwa chochote, na fedha hazitolewi kabla ya hapo. Kulipa mapema pia hakuna faini.

Ninayemhofia zaidi ni mjomba. Ausome mkataba mwenyewe, neno kwa neno, kwa sababu malipo yakikwama ataandamwa yeye, ingawa kwa mikopo iliyotolewa tangu mwishoni mwa 2018 mdhamini huondolewa dhima mwanafunzi akifariki.