Kabla ya kununua dawa, angalia balbu: nkejje huchagua mume kwa rangi

Ndugu uliyeuliza mbona madume ya nkejje wako, hawa samaki wadogo wa Ziwa Victoria, yamepauka na jike la wekundu limezaa na dume la bluu, mimi nisingekimbilia dawa wala kubadili chakula. Niambie kwanza, juu ya tangi umefunga taa gani?

Niko Jinja, nafuga hawa samaki mwaka wa sita sasa. Wa kwanza nilipewa na jamaa ambaye mbegu yake ilitoka Mwanza, kule wanawaita furu, kuna wekundu (Pundamilia nyererei) na wa bluu (Pundamilia pundamilia). Nikawaweka pamoja chini ya balbu ya njano, ile ile ya sebuleni, na tangi liko dirishani jua linapiga mchana kutwa mpaka maji yakawa kijani. Basi samaki wote nikawaona wana rangi ya udongo, na kumbe wao pia walikuwa wanaonana hivyo hivyo! Vifaranga walivyokua wakatoka wa katikati, si wekundu si wa bluu, na hao si tasa, wanazaa vizuri tu, kwa hiyo mbegu safi ukishaichanganya imeenda.

Hili si la matangi yetu tu. Mwaka 1997 mtafiti wa samaki Ole Seehausen na wenzake waliandika kwenye jarida la Science kwamba maji ya Ziwa Victoria yanavyozidi kuchafuka na mwani, spishi za furu zinapotea bila hata kuliwa na mbuta (sangara), kwa sababu majike hawatofautishi tena madume. Waliwajaribu pia kwenye matangi, chini ya mwanga mweupe jike alimfuata dume la rangi yake, wakiwasha mwanga wa chungwa mtupu ubaguzi ukaisha. Na ziwani ni hivyo hivyo, kisiwa cha Makobe maji ni maangavu na wekundu na wa bluu wametofautiana kabisa, ila kisiwa cha Luanso kwenye tope unakuta mchanganyiko. Maji machafu yanaumeza mwanga wa bluu haraka, kinachobaki chini ni wa njano na mwekundu, ndiyo maana wekundu hukaa chini zaidi na wa bluu juu juu, na hata macho yao yamejengeka tofauti kufuatana na mwanga wa pale wanapoishi. Mimi hili jambo linaniuma sana, maana sisi tunaoishi kando ya ziwa tunaona lilivyokuwa kijani na bado watu wanalima mpaka ukingoni.

Turudi kwako. Nilihamisha tangi kutoka dirishani, nikafunga LED nyeupe, masaa kumi na mawili inawaka kisha giza kabisa, nikaweka na mawe ya kutosha. Ndani ya wiki mbili dume moja likawaka wekundu mgongoni kama pilipili, likashika jiwe lake na kufukuza wekundu wenzake, wa bluu akipita halikumjali sana. Wale walioshindwa walibaki wamefifia pembeni, kwa hiyo sio kila dume lililopauka ni mgonjwa, mengine yamenyamazishwa tu na bwana mkubwa. Halafu jioni moja nikaliona linatandaza mapezi, linatetemeka mbele ya jike, jike linataga mayai machache linageuka linayaokota mdomoni chapchap, kisha linadonoa yale madoa ya njano kwenye pezi la chini la dume kama vile nayo ni mayai, na hapo ndipo mbegu ya dume inaingia mdomoni. Sasa kama balbu imeua rangi, jike atajuaje ni wa kwao?

Vifaranga wa safari hiyo walitoka wekundu safi. Ila wewe bado watenge hao wa bluu kwenye tangi lao, taa nzuri inasaidia lakini jike akikosa dume la kwao atachukua aliyepo. Tuma picha ya tangi na taa ikiwa imewashwa, tena piga usiku ili mwanga wa dirishani usitudanganye.