Usikate hiyo 1 kabla hujaweka mabano!

Mleta mada, weka kalamu chini kwanza. Una sin²x/(1 − cos x) ya kurahisisha, juu umebadili ikawa 1 − cos²x, hapo uko sawa. Halafu unaandika: "1 na 1 zinakatana, cos na cos inabaki cos x, nimepatia?" Hujapatia! Hapo hapo ndipo nilipolia mimi kidato cha tano.

Kukata ni kugawanya. Kinachokatwa ni kilichozidishwa, si kilichojumlishwa wala kutolewa. Hiyo 1 ya juu iko pamoja na − cos²x, huwezi kuichomoa peke yake kama dagaa kwenye fungu. Andika kwanza (1 − cos x)(1 + cos x). Sasa bano zima la (1 − cos x) lipo juu na chini, kata hilo kwa raha zako. Linabaki 1 + cos x.

Huamini? Weka 60°. Juu 0.75, chini 0.5, ukigawanya unapata 1.5. Na 1 + cos 60° ni 1.5. Hiyo cos x yako inatoa 0.5. Kwisha habari.

Aliyeniponza ni mwalimu mmoja wa tuisheni huku Ngamiani, Tanga. Anachora mistari ubaoni, "zinazofanana zife!", na sisi tunaitikia "zifeee!" Na hela tulishalipa, tena mapema. Kwenye mtihani kipengele (b) na (c) vilitegemea jibu la (a). Nikaua 1 kwenye (a), vyote vitatu vikaenda na maji. Nyumbani nikasema karatasi ilijaa Kigiriki. Sikudanganya, kwani θ ni herufi ya wapi?

Kwa hiyo kila ukirahisisha, kabla hujapigia mstari jibu, weka 60° kwenye swali na kwenye jibu. Usitumie 45°, pale sin na cos zinalingana, ukizibadilisha kwa bahati mbaya hutajua. Na 0° hapa inakupa sifuri chini, utagawanyaje? Namba zikikataana, jibu ni bovu, rudi ulipokata. Zikikubaliana bado si uthibitisho, ila kosa kama hili lako haliponi.

Na lile swali jingine ulilosema umeshalimaliza, lilete hapa, na 60° yake pembeni.